Kioo cha Inchi Kumi na Mbili na Nusu

Laptopu ilikuwa na siku nne tu tangu itoke mikononi mwa fundi, na tayari Mwalimu alikuwa ameirudisha. Haikuwa imezima. Betri ilikaa na chaji, feni haikupiga kelele, kibodi ilikuwa nzima. Aliiweka juu ya meza, akaifunua, akasukuma miwani juu ya pua, akasema maneno yaliyozua ubishi wa saa nzima katika kibanda kile cha Kariakoo: "Mwanangu, mashine yako haina ugonjwa. Ila siioni."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri yangu isafishwe vumbi. Nimeitumia Linux kwa miaka mingi, na sijaona jambo linalodharauliwa kama hili la ukubwa wa maandishi kwenye kioo kidogo. Watu hulihesabu katika urembo, pamoja na picha za ukutani na rangi za madirisha. Kwangu ni jambo la mtu kuweza au kutoweza kufanya kazi yake, kwa hiyo sikunyamaza, na upande wangu utaonekana mapema.

Tulikuwa watano. Fundi ni kijana anayenunua laptopu za mtumba kutoka Ulaya, anafuta kilichomo na kuweka Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Mwalimu anakaribia kustaafu na hutunga mitihani ya Kiswahili ya sekondari. Binti, anayeandika programu, alikuwa amekuja kubadilisha kibodi. Na Mjomba ana stesheneri mlango wa pili. Mtaa mzima humwita hivyo, hata wasio na undugu naye.

FUNDI: Shikamoo, Mwalimu. Lakini hicho kioo ndicho bora kuliko vyote nilivyonavyo! Laptopu nyingi za inchi 12.5 huja na pikseli 1366 kwa 768. Yako ina 1920 kwa 1080. Nilikuchagulia makusudi.

MWALIMU: Marahaba. Wema wako nauona, picha za wajukuu zinang'aa. Ila sikununua mashine ya kutazamia wajukuu. Nikifungua mtihani wangu, herufi zimekuwa punje za ufuta.

FUNDI: Na miwani?

MWALIMU: Ninayo, hii hapa usoni. Nilipimiwa kwa kusoma kitabu, na kitabu nakishika karibu, kama sentimita 40. Laptopu haikai hapo, kibodi ipo katikati yetu. Nikiinama naziona herufi na shingo inauma. Nikikaa sawasawa, ni ukungu.

MIMI: Fundi, huo ubora ndio uliomponza. Tupige hesabu. Pikseli 1920 kwa 1080, ukizipanga kwenye kioo ambacho kutoka kona hadi kona ni inchi 12.5, zinakuwa 176 hivi kwa kila inchi. Mfumo nao, ukiuacha kwenye asilimia 100, unachora kana kwamba kila inchi ina pikseli 96. Herufi za pointi 11, ambazo kwenye karatasi zingechukua karibu milimita 4 kutoka kichwa cha l hadi mkia wa g, hapa zimebanwa hadi milimita 2 na kidogo. Pikseli moja ya kioo hiki ni milimita 0.14. Kile kioo cha 1366 ulichokikataa kwa niaba yake kingekuwa na pikseli 125 kwa inchi, na maandishi yangekuwa makubwa zaidi bila mtu kugusa kitu.

BINTI: Hiyo 96 imetoka wapi? Naikuta kila siku kazini na sijawahi kuuliza.

Swali lake lilinifurahisha, maana jibu lake lina kiini cha mjadala wote. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na pikseli 72 kwa inchi, na kwa kuwa wapiga chapa huhesabu pointi 72 katika inchi, pointi moja ikawa pikseli moja. Kwenye Windows, Microsoft waliongeza theluthi juu ya 72, ikawa 96, kwa hoja kwamba mtu hukaa mbali zaidi na kioo kuliko anavyokaa na karatasi. Baadaye kanuni za kurasa za wavuti ziliichukua namba hiyohiyo na kuifungia kwenye umbali: pikseli ya marejeo ni ile ya kioo chenye 96 kwa inchi kikitazamwa kwa urefu wa mkono ulionyooshwa, inchi 28, yaani sentimita 71. Tangu mwanzo, basi, namba hii ilikuwa inazungumzia jicho na nafasi iliyopo mbele yake. Umbali umesahaulika, imebaki 96 peke yake, na kila mashine inayoingia sokoni huiita hali hiyo "asilimia 100" kana kwamba ndiyo ukubwa halisi wa vitu.

BINTI: Nimeelewa, lakini bado napinga. Kioo kidogo ni chumba kidogo. Mimi naweka maandishi ya programu kushoto na matokeo yake kulia, na ndiyo maana nilitafuta kioo chenye pikseli nyingi. Ukikuza hadi asilimia 150 umebaki na nafasi ya 1280 kwa 720. Umenunua vyumba vinne, umefunga viwili kwa kufuli.

MWALIMU: Una miaka mingapi, mwanangu?

BINTI: Ishirini na mitatu, Mwalimu.

MWALIMU: Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nasoma barua kwa kibatari. Sikubishii kuhusu kazi yako. Mimi nataka hiki kilicho mbele yangu.

MIMI: Na si suala la bidii. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na wengi huanza kulisikia hilo wakifika arobaini hivi: kitabu kinasukumwa mbali, mpaka mkono unakuwa mfupi. Mpangilio uliochaguliwa na vijana, ukajaribiwa na vijana, humfikia mtu wa miaka 58 ukiwa umeshaamua kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

BINTI: Sijasema ana kasoro. Nasema maana inaeleweka hata herufi zikiwa ndogo. Mtu hasomi herufi mojamoja, anasoma neno.

Hapo Mwalimu alivua miwani. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anataka kuzungumza kama yuko darasani.

MWALIMU: Anayesoma habari husoma neno. Anayesahihisha husoma herufi. Chukua "ng'oa" na "ngoa". Moja ni kung'oa mhogo, nyingine ndiyo ile ya kulilia ngoa, wivu na tamaa. Kinachotenganisha ni kile kialama juu ya mstari. Kwenye kioo hiki nimekitafuta kile kialama jana usiku mpaka macho yakatoa machozi. Mwanafunzi akiona "ngombe" kwenye karatasi ya mtihani, anaamini, kwa sababu imeandikwa na mwalimu.

Sikuwahi kulifikiria hilo, na nimelipigia hesabu baadaye. Katika herufi za ukubwa ule kialama cha ng' kina upana wa pikseli mbili tu, yaani milimita 0.3 hivi kwenye kioo kile. Kiswahili kimeiweka sauti nzima juu ya doa la milimita 0.3. Wanaojadili skeli za vioo huongea sana kuhusu ikoni na vitufe, na sijamsikia mmoja akiuliza lugha ya mtumiaji inabeba wapi alama zake ndogo.

MJOMBA: Mbona mnazunguka? Mimi kompyuta yangu dukani nilishaitibu. Nimeshusha rizolusheni. Ilikuwa 1920, nikaiweka 1280 kwa 720. Kila kitu kikawa kikubwa na mashine ikawa nyepesi.

FUNDI: Mjomba, na ndiyo maana wateja wako husogea nyuma kutazama kazi zao. Maandishi yako yana ukungu.

MJOMBA: Kidogo.

MIMI: Hili tusilikawize. Kioo bapa kina vitone vyake vya kudumu, 1920 kwa mstari. Ukikipa picha ya 1280, kila pikseli ya picha inatakiwa ikae juu ya kitone kimoja na nusu, na nusu ya kitone haipo. Mashine inachanganya rangi za majirani, na ukingo wa herufi unayeyuka. Mwalimu atapata herufi kubwa ambazo bado hazioni vizuri. Umeondoa tatizo la ukubwa ukaleta la ukungu, na la ukungu halitibiki kwa kusogea karibu.

FUNDI: Basi asilimia 200. Namba kamili. Kila pikseli inakuwa mraba wa pikseli nne, hakuna ukungu wowote.

Alibonyeza kabla hatujamjibu. Kioo kikajaa. Upau wa juu ulikuwa mnene, ikoni za pembeni zilikuwa kubwa kama vifuniko vya soda. Mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha Fundi akafungua dirisha la kuchapisha, na chini ya dirisha hakukuwa na kitu. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa kimezama nje ya kioo.

BINTI: Umembakizia nafasi ya 960 kwa 540. Programu nyingi hazikutengenezwa kukaa humo.

FUNDI: Anaweza kushikilia kitufe cha Super, akakamata dirisha popote kwa kipanya, akalivuta juu.

MWALIMU: Kila nikitaka kuchapisha?

Maradhi haya ya vitufe vilivyozama ni ya zamani kwenye Linux. Mwaka 2007 ilipotoka Eee PC ya kwanza, ile laptopu ndogo ya inchi 7 iliyouzwa ikiwa na Linux ndani, kioo chake kilikuwa na pikseli 800 kwa 480, na watu waliishi kwa kuvuta madirisha juu ili wafikie kilichofichwa chini. Wakati ule pikseli zenyewe zilikuwa chache. Leo zipo tele, halafu tunazigawanya kwa mbili na kumrudisha mtu karibu palepale. Mtu yeyote aliyewahi kujaza fomu ambayo kitufe chake cha mwisho hakionekani anajua kwamba hapo kazi imesimama. Hakuna ustahimilivu unaosaidia.

FUNDI: Imebaki ile ya katikati. Asilimia 125 au 150. Ubuntu tangu toleo la 20.04 ina swichi yake kwenye mipangilio ya kioo, unaiwasha tu. Hapo Mwalimu anapona na Binti hana la kusema.

BINTI: Ninalo. Unajua mashine inafanya nini ukiweka asilimia 125?

FUNDI: Inakuza kwa robo.

BINTI: Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Kwa njia ya zamani ya GNOME, yale mazingira ya madirisha yanayokuja na Ubuntu, programu inajua namba kamili tu: moja, mbili, tatu. Ukiomba moja na robo, inaambiwa ichore kwa mbili, halafu picha inapunguzwa hadi itoshee kioo. Fanya hesabu. Kwa asilimia 125 nafasi ya kazi ni 1536 kwa 864. Ikichorwa mara mbili inakuwa 3072 kwa 1728. Hizo ni pikseli milioni 5.3, na kioo chenyewe kina milioni 2 na kidogo. Unachora mara mbili na nusu ya unachoonyesha, kwenye mashine ya mtumba yenye kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa.

MIMI: Na kuna jambo la ajabu humo. Asilimia 150 ina gharama ndogo kuliko 125. Nafasi ya 1280 kwa 720 ikichorwa mara mbili ni 2560 kwa 1440, pikseli milioni 3.7. Anayeona aibu kuomba kikubwa, akaomba kidogo, ndiye anayeibebesha mashine mzigo mkubwa zaidi.

MJOMBA: Kwa hiyo yangu ilikuwa na hekima ya wepesi.

BINTI: Wepesi ulikuwa nao, Mjomba. Na bado sijamaliza. Kuna programu za zamani zilizoandikwa kwa X11. Kwenye GNOME, ukiwasha hizo skeli za sehemu, programu hizo huchorwa kwa ukubwa wa kawaida kisha zinanyooshwa kama mpira. Dirisha moja linang'aa, la pembeni yake limefifia.

Hapa lazima nimtetee Fundi kidogo, kwa sababu Binti alikuwa anazungumzia hali iliyoanza kubadilika. X11 ni mfumo wa kuchora madirisha wa mwaka 1987, ulizaliwa katika chuo cha MIT wakati kioo kikubwa cha mezani ndicho kilichokuwa kioo, na unaviona vioo vyote vilivyounganishwa kama uwanja mmoja wenye kipimo kimoja. Wayland, iliyoanza mwaka 2008, inakipa kila kioo skeli yake. Lakini hata Wayland kwa miaka mingi ilizungumza namba kamili tu. GNOME 3.32 ya Machi 2019 ilileta skeli za sehemu kama jaribio, kwa njia ileile ya kuchora kikubwa na kupunguza. Novemba 2022 ndipo Wayland ilipopata itifaki rasmi ya skeli za sehemu: mfumo unaiambia programu kipimo chenyewe kwa mafungu ya 120, kwa mfano 150 juu ya 120 kwa asilimia 125, na programu inachora herufi zake moja kwa moja kwa ukubwa huo. KDE Plasma, mazingira mengine ya madirisha kama GNOME, iliichukua katika toleo la 5.27, Februari 2023. Programu zilizojengwa kwa maktaba ya GTK 4 ziliipata sawasawa katika toleo la 4.14, Machi 2024. Kwa zile za X11 zinazofifia, Plasma 5.26 iliruhusu zijikuze zenyewe, na GNOME 47 ya Septemba 2024 ikaleta jaribio lake.

Miaka thelathini na mitano, tangu 1987 hadi 2022, ili kompyuta huria iweze kutamka "moja na robo" bila kuzunguka. Nawaheshimu walioifanya kazi hiyo, wengi wao bila malipo. Ila nikitazama mpangilio wa yaliyotangulia, naona jicho la msomaji lilisubiri zamu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

FUNDI: Kwa hiyo niweke KDE?

BINTI: Kama mashine inaibeba, kwa nini isiwe?

MWALIMU: Subirini. Mnabishana kuhusu kukuza kila kitu. Nani aliwaambia nataka kila kitu kikuzwe?

Kimya kikaingia kibandani. Alikuwa amelisema lile nililokuwa nalizungukia.

MWALIMU: Ikoni ya faili nimeijua, hata ikiwa ndogo naitambua kwa rangi. Ule msalaba wa kufunga dirisha najua uko kona gani. Hivyo sivisomi. Ninachosoma ni maandishi. Nikuzieni maandishi, vingine viacheni vikae vilipo.

Na jambo hilo linawezekana, ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalosahaulika kwa sababu halina jina la kupendeza. GNOME ina kipimo cha maandishi peke yake. Katika mipangilio ya ufikivu kuna swichi ya maandishi makubwa, nayo huyakuza kwa moja na robo. Ukitaka kipimo kingine, unafungua terminali na kuandika mstari mmoja:

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.5

Mashine haichori mara mbili na kupunguza. Herufi zinatengenezwa upya kwa ukubwa mpya, kwa sababu fonti ni mistari na mikunjo, si picha, kwa hiyo kingo zake zinabaki kali. Madirisha yanapanuka kadiri maandishi yake yanavyodai tu. Kwenye Xfce, ambayo mafundi wengi huiweka katika mashine dhaifu, kazi hiyohiyo hufanywa katika mipangilio ya mwonekano, sehemu ya fonti, kwa kupandisha ile 96 ya siku zote hadi 120 au 144. Firefox nayo inalifuata agizo la GNOME na kukuza kurasa zake.

BINTI: Lakini vitufe vitakata maneno. Nimeliona hilo mara nyingi. Mtengenezaji amepima kitufe kwa neno la Kiingereza la herufi nne, wewe unaleta neno refu na umelikuza juu yake.

MIMI: Hoja hiyo ni nzito kwetu kuliko kwa wengine. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, menyu zililazimika kubeba maneno marefu kuliko yale yaliyopimiwa. Programu iliyoandikwa vizuri huacha kitufe kinyooke kulingana na neno. Iliyopimwa kwa pikseli za kudumu ndiyo inayokata. Binti, hizo za pili ndizo mnazoandika nyinyi.

BINTI: Nimelisikia. Kesho nitaangalia za kwangu kwa maandishi ya moja na nusu.

Alilisema bila kujitetea, na hapo nikamheshimu zaidi kuliko nilivyomheshimu kwa hesabu zake zote.

MJOMBA: Na projekta? Mwalimu huunganisha projekta ya shule. Ile ya zamani, 1024 kwa 768.

FUNDI: Kwa skeli ya kioo chini ya Wayland, kila kioo kina yake, cha laptopu 150, cha projekta 100. Kwa maandishi peke yake, kipimo kinakwenda kote. Huko ukutani maandishi ya menyu yatakuwa makubwa.

MWALIMU: Ukutani hayajawahi kumdhuru mtu. Aliye dawati la nyuma atashukuru.

Ilikuwa imebaki namba. Fundi alitaka moja na robo kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye swichi. Mimi nilikataa tusichague kwa kubahatisha, nikamwomba ile tepu yake ya kupimia. Tukamkalisha Mwalimu kwenye kiti, mgongo ukaegemea, mikono ikafika kwenye kibodi bila kunyooka. Fundi akashika ncha moja karibu na paji la uso wake, Binti akaivuta nyingine hadi kwenye kioo. Sentimita 60.

Hesabu yake haina ugumu. Namba ya 96 ilikusudiwa umbali wa sentimita 71. Kwa 60, macho yangetosheka na kioo chenye pikseli 114 kwa inchi: 96 mara 71, gawa kwa 60. Kioo hiki kina 176. Gawanya 176 kwa 114, unapata 1.54. Kwa Binti, ambaye huinama juu ya mashine yake hadi sentimita 45 kama vijana wote, hesabu hiyohiyo inaleta 1.16. Kioo ni kimoja, pikseli ni zilezile, na wote wawili walikuwa wakidai haki yao. Aliye mbali anahitaji kikubwa, aliye karibu anahitaji nafasi, na hakuna swichi ya kiwandani inayoweza kujua nani amekaa wapi.

FUNDI: Miaka mitatu nauza laptopu, sijawahi kumpima mteja.

MIMI: Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mtu. Kwa nini sisi tuweke mfumo mzima bila kumkalisha kwenye kiti hata dakika moja?

Akaandika mstari ule kwenye terminali, akaweka 1.5, akabonyeza. Menyu zikavimba palepale, ikoni zikabaki zilipo. Alifungua dirisha la kuchapisha: kitufe cha chini kilikuwepo, kimesogea kidogo, kinaonekana chote. Dirisha la mipangilio ya mtandao lilikuwa refu kuliko nilivyopenda, lakini lilitosha. Kisha akafungua mtihani wenyewe. Nikamwonyesha Mwalimu kwamba hati ina kitelezi chake cha kukuza, chini kulia, tofauti na kipimo cha mfumo; akakisogeza mwenyewe mpaka mstari wa karatasi ukajaa upana wa kioo.

Hakusema lolote kwa muda. Alikuwa anasoma, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Alipita swali la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye swali la saba kidole chake kikasimama.

MWALIMU: Hapa.

Sote tuliinama. Kifungu kilikuwa cha ufahamu, kuhusu mfugaji, na katika mstari wa pili "ngombe" alikuwa amekaa bila kialama chake.

MWALIMU: Mjomba, zile nakala 45 nilizokuletea juzi, umeshazitoa?

MJOMBA: Zote, Mwalimu. Ziko kwenye bahasha.

MWALIMU: Utanitolea upya ukurasa huo mmoja.

MJOMBA: Leta faili tu. Ukurasa mmoja ni kazi ya dakika kumi.

Alirudi kwenye neno lile, akaweka kialama, akatazama kama kimekaa. Kilikuwa kimekaa, cheusi, wazi kati ya g na o. Akahifadhi faili. Kisha akamnyooshea Fundi mkono.

MWALIMU: Nipe na hiyo tepu niiazime mpaka kesho. Meza yangu ya nyumbani ni nyembamba kuliko hii.